Pacha Wangu Amezimwa

3 Machi, Jumatatu

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika kwa sababu Balozi amenichoka. Balozi ni msichana ninayeishi naye chumba kimoja hapa chuoni. Balozi mwenyewe ni baba yake, lakini jina limemganda yeye. Amesema nikiendelea kulalamika kila asubuhi kabla hajapiga mswaki, atahamia bafuni. "Andika," akasema. "Daftari haliumwi kichwa."

Haya, naandika. Baba yangu ananitia wazimu.

Jana nilikuwa nyumbani. Baba ni sajini mstaafu. Alitumikia jeshi mpaka magoti yakagoma, na miaka yote hiyo alipigia saluti vijana wadogo waliotoka chuo cha maafisa na buti mpya. Sasa pacha wangu ameingia chuo hichohicho, na tangu siku ile hatuli chakula kwa amani. "Kule wanatengeneza watu," anasema, akininyooshea kijiko. "Kwenu wanatengeneza nini? Maneno!"

Kwetu ni Chuo Kongwe, kile chenye majoho meusi, picha za marehemu ukutani, na bustani ya nyasi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haruhusiwi kuikanyaga. Nilikipata kwa kusoma mpaka macho yakawa mekundu. Mtaa mzima ulikuja kunipongeza. Baba aliuliza kama kuna gwaride.

Mama anashona. Baba akianza, yeye anakanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili asisikie.

5 Machi

Mvua. Joho limelowa na linanuka mbuzi.

9 Machi, Jumapili

Kule Kambini, ndivyo tunavyokiita chuo cha Pacha, wanaruhusiwa simu Jumapili tu, baada ya chakula cha mchana. Leo Pacha amepiga nikiwa nyumbani, na habari nzito.

Walikuwa kwenye matembezi marefu na mizigo mgongoni. Kiongozi wao ni wa mwaka wa tatu, wanamwita Nahodha kwa sababu ndiye nahodha wa timu ya mpira, na kule anapendwa kupita kiasi. Mwenzao mmoja alizimia njiani kwa uchovu. Nahodha akasema atazinduka mwenyewe, twende. Wakamwacha kando ya barabara, kwenye tope, mvua ikimnyeshea usoni. Wapishi waliokuwa wanarudi na lori ndio waliomwokota. Mungu mkubwa, amepona.

Afisa akawapanga mstari. Nahodha alishasema kwamba alisimamisha matembezi na kumwachia mgonjwa mtu wa kumwangalia. Kila mmoja akaulizwa kama ndivyo ilivyokuwa. Mmoja akasema alikuwa mbele, mwingine alikuwa nyuma, mwingine alikuwa anafunga kamba ya buti. Kumbe kikosi kizima kilikuwa kinafunga kamba za buti! Pacha alipofikiwa akasema, "Hapana, afande. Hatukusimama."

Langoni kwao kumeandikwa kwa herufi kubwa: HATUDANGANYI. HATUMVUMILII ADANGANYAYE. Wanayavaa maneno hayo kifuani kila siku. Kwa hiyo Nahodha kafukuzwa.

Nilimwambia Pacha nimejivunia. Baba alinyang'anya simu akamwambia hivyo hivyo kwa sauti ya gwaride, kisha akanigeukia. "Umeona? Kwenu nani angesema?"



12 Machi

Mtihani mdogo. Nimefaulu. Balozi hakufaulu ila amealikwa chai na mwalimu.

16 Machi, Jumapili

Nitaandika polepole.

Pacha amepiga. Hata salamu hakutoa. "Mkubwa, ongea," akasema. Ananiita Mkubwa kwa sababu mimi nilimtangulia kutoka tumboni.

"Niongee nini?"

"Chochote. Hata habari za mvua. Wewe ongea tu."

Nikaongea. Nikamwambia habari za joho na mbuzi. Akacheka, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akakohoa ili nisijue. Ndipo akaniambia kwamba amezimwa.

Kuzimwa ni desturi yao. Haikuandikwa popote lakini kila mtu anaijua. Hakuna anayempiga, hakuna anayemtukana. Hawamsemeshi, basi. Akiingia chumbani, mazungumzo yanakatika. Akiomba chumvi mezani, hakuna mkono unaosogea, inabidi ainuke azunguke meza nzima kuifuata. Akisalimia, macho yanapita juu ya kichwa chake kana kwamba kuna saa ukutani. Wamefanya hivyo tangu Nahodha alipobeba sanduku lake.

"Nasoma mabango kwa sauti ili nisikie mtu," akasema. "Lile la kuzima moto nimeshalikariri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka niombe njia."

Kuomba njia nako ni utaratibu wao. Kadeti ambaye hajala kiapo anaweza kwenda kwa Kamanda, akapiga saluti na kusema "Naomba njia," akaachiwa siku hiyohiyo, hadaiwi lolote. Kiapo ni mwisho wa mwezi ujao. Ukishaapa, umefungwa miaka kumi. Kwa hiyo wanamsukuma. Wanamsukuma kwa midomo iliyofungwa, watu wenye maandishi yale kifuani! Mwongo walimficha, aliyesema kweli wanamzika akiwa hai.

Ningekuwa na uwezo ningepasua lile lango.

17 Machi

Nilimweleza baba. Akanisikiliza, akavaa miwani, akapiga simu ofisi ya Kamanda. Nilimsikia akisema "ndiyo afande" mara nyingi mno kwa mtu aliyestaafu. Kisha akakata.

"Wamesema hakuna kitu kama hicho pale."

"Baba, mwanao amesema kipo."

"Mwanangu anapimwa. Na mimi nilipimwa. Akivuka hapo, ameshakuwa mtu."

"Na asipovuka?"

"Atavuka." Akarudi kwenye redio yake.

Niliondoka bila kuaga. Mama alinifuata mpaka kwenye geti, mvua ikimnyeshea, akanirekebisha kola. Yeye akikosa la kusema anarekebisha kola za watu.

20 Machi

Mvua. Sina la kuandika ambalo si tusi.

23 Machi, Jumapili

Pacha alipiga nyumbani, nami nilikuwepo. Baba alikwenda msibani. Pacha hakutaka maswali. Alimwomba mama aiweke simu juu ya meza ya cherehani aendelee tu na kushona. Mama akashona. Alipindia suruali ya mteja, akaweka zipu, akaitoa, akaiweka tena, na Pacha alikuwa anasikiliza upande wa pili bila kusema neno mpaka muda wake ukaisha.

Mama alipokata simu alisema zipu ilikuwa sawa tangu mwanzo.

28 Machi

Kila mwaka Chuo Kongwe na Kambi wanafanya mdahalo, na mada ni ileile wanaibadilisha koti tu: ni wapi wanakopikwa viongozi bora, kwenye chuo cha maafisa au kwenye vyuo vya kale kama chetu? Mwaka huu sisi ndio wenyeji, na mzungumzaji mkuu wa upande wetu nimechaguliwa mimi. Mwaka wa kwanza kuchaguliwa ni nadra. Nilifurahi kwa muda wa kushuka ngazi.

Mwalimu wa mdahalo, yule wa tai ya kipepeo, aliposikia nina pacha Kambini alipiga makofi. "Dhahabu hiyo!" akasema. "Kachimbe."

Ndugu yangu anakula chumvi ya kuizungukia meza, huyu anaona dhahabu. Nikasema nitafikiria.

30 Machi, Jumapili

Leo ilikuwa siku ya wazazi Kambini. Nimeona kwa macho yangu.

Kuna usafi pale ambao sijawahi kuuona popote. Mawe ya njiani yamepakwa chokaa, hata mifereji imefagiliwa. Bwaloni familia zilikaa na makadeti wao kwenye meza ndefu, vicheko kila upande. Kwenye meza yetu tulikaa sisi wanne, na viti vya kulia kwetu na kushoto kwetu vilikuwa vitupu. Mama mmoja alikuja na mwanawe akavuta kiti karibu yangu. Mwanawe akamwona Pacha, akamshika mama yake mkono, wakaenda kubanana mwisho wa ukumbi.

Baba aliviangalia vile viti. "Leo kuna nafasi ya kutosha," akasema, akanyoosha mgongo na kuanza kusifia nyama.

Aliona! Hilo ndilo linaloniua. Aliona kila kitu, akasifia nyama.

Pacha amekonda. Anaongea haraka, anarukia sentensi kabla hujamaliza yako, halafu ghafla ananyamaza kama aliyekumbuka kwamba hairuhusiwi.

Akapita kijana mmoja amenyooka mno, hata akiinama hapindi mgongo. Pacha akaninong'oneza kwamba huyo ni Rula, analala kitanda cha jirani yake, na ndiye atakayewazungumzia kwenye mdahalo. Mama hajui kumwacha mtu apite.

"Mwanangu, njoo."

Rula akaja, akasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula mama, asante."

"Wewe na huyu mnalala jirani, sivyo? Hebu niambie. Bado anakoroma?"

Rula akaangalia buti zake. Kumsemesha Pacha hawezi. Kumdanganya mama hawezi, kuna yale maandishi kifuani. Masikio yalimcheza. "Anakoroma kidogo, mama," akasema, akageuka akaenda zake kwa hatua za gwaride.

Pacha alitabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Nilitaka kulia na kumrushia mtu sahani, na sikufanya lolote kati ya hayo.

2 Aprili

Nakula chakula cha jioni na picha za marehemu. Mhudumu ananiwekea sahani kwa glovu nyeupe, na hapa haamkiwi mtu anayehudumu, eti ndiyo adabu ya ukumbi. Balozi aliniambia siku ya kwanza. Leo ndiyo mara ya kwanza imenikera. Kesho nitamsalimia, nadhani.

3 Aprili

Sikumsalimia. Wote walikuwa wananiangalia.

6 Aprili, Jumapili

Ataomba njia! Pacha ameamua. Kamanda huwaona wenye shida Jumatatu. Jumatatu baada ya mdahalo atakwenda, kiapo kikiwa bado mbele. Mama anajua. Baba hajui, na hatajua mpaka Pacha awe amekaa sebuleni na sanduku lake.

Niliruka juu ya kitanda mpaka Balozi akauliza kama nimeposwa.

"Ila Mkubwa, kuna jambo moja," Pacha akasema. "Kwenye mdahalo usinitaje."

"Pacha, nina kila kitu! Nikisimama pale nikasema, Kamanda akiwa mbele yangu..."

"Najua. Lakini nikitoka baada ya hapo, watasema dada yake alikuja kumbeba. Niache nitoke kwa miguu yangu mwenyewe. Niapie."

Nimemwapia. Kwa jina la mama.

8 Aprili

Mwalimu wa tai ya kipepeo amesikitika kwamba sina mfano hai. Nimemwambia nina mifano mingi kutoka vitabuni. Akaguna.

11 Aprili

Mdahalo kesho. Mama ameniletea joho likiwa limepigwa pasi na harufu ya mbuzi imeisha.

12 Aprili, Jumamosi

Nimeshinda. Niandike nini kwanza?

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa Mkuu wetu wa Chuo na Kamanda, bega kwa bega, wakitaniana kama watu waliosoma pamoja, na kweli walisoma pamoja. Baba alivaa suti ya kustaafia. Makadeti waliletwa na basi, mwaka wa kwanza wote, Pacha akiwemo, na kiti cha jirani yake kilikuwa kitupu huku wenzake wakisimama ukutani.

Nilizungumza vizuri. Nilisema jeshi linamfundisha mtu kutii kabla hajajifunza kuuliza, na kwamba nchi inaongozwa na wanaouliza. Nilisema sisi tunafundishwa kumheshimu binadamu kwa kumsikiliza. Makofi. Nilikaa nikiwa nimetimiza kiapo changu, roho kwatu.

Rula akainuka. Alizungumza kwa utulivu, nami nikaanza kumpenda bila kutaka. Kisha akanigeukia.

"Dada amesema hapa mnafundishwa kumheshimu binadamu. Naomba kumuuliza. Mzee huyu aliyetumiminia maji, anaitwa nani?"

Mhudumu alikuwa kasimama pale nyuma yangu na jagi na glovu zake. Huyohuyo wa kila jioni. Nilifungua mdomo. Nikamtazama Balozi, akatikisa kichwa. Nikamtazama Mkuu wa Chuo, ambaye amekaa hapa miaka yote hiyo, naye akawa anaikagua dari.

"Sijui," nikasema.

Makadeti wakapiga buti chini, kicheko kikajaa mpaka kwenye picha za marehemu. "Sisi wapishi wetu tunawajua kwa majina," Rula akasema, akakaa.

Aibu ilikuwa ya kweli, nilistahili, na kwa sababu nilistahili hasira ikawa mara mbili. Huyu! Huyu anayelala hatua moja tu kutoka kwa ndugu yangu, anamnyima hata chumvi, leo ananifundisha heshima mbele ya watu! Nilisimama kabla mwenyekiti hajaniita.

"Na mimi nauliza. Kitanda kilicho jirani na chako analala nani?"

Kicheko kikafa upande wao. Rula akaganda.

"Kadeti mwenzangu," akasema.

"Mara ya mwisho ulizungumza naye lini?"

Akamtazama Kamanda. Kamanda alikuwa anatazama mbele. Nilimwona Rula akishuka macho mpaka kwenye maandishi ya kifuani mwake, halafu akayainua. Angeweza kusema swali liko nje ya mada. Mwenyekiti angemkubalia.

"Mwanzoni mwa mvua," akasema.

"Kwa nini?"

"Amezimwa."

"Alikosa nini?"

"Hakukosa. Alisema ukweli."

Ukumbi ukalipuka. Wenzangu walirusha kofia zao za majoho, Balozi akapanda juu ya kiti, mwalimu wa tai ya kipepeo akawa anafuta machozi ya furaha. "Hoja maridadi!" Mkuu wa Chuo alikuwa anapiga kelele. "Maridadi!" Walishangilia kama goli limeingia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo aliyezimwa ni nani, wala kama yu mzima.

Nilimtafuta Pacha. Alikuwa ananitazama. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Ukumbi ulipotoka nilimfuata mhudumu nikamuuliza jina lake. Akaniambia. Kisha akaniuliza kama nimemaliza na ile glasi.

13 Aprili, Jumapili

Pacha hakupiga. Mama alikaa na simu mapajani mpaka giza likaingia. Baba hajawasha redio tangu jana.

14 Aprili, Jumatatu

Leo ndiyo siku ya kuomba njia. Nimekaa nikingoja habari. Hakuna habari.

16 Aprili

Nimekabidhiwa ngao ya ushindi. Balozi ameuliza, "Umeshinda, mbona umenuna?" Nimemwambia aende akalale bafuni.

20 Aprili, Jumapili

Amepiga. Nimemsikiliza nikiwa nimesimama chini ya ngazi, maji ya paa yakinidondokea mgongoni, na sikusogea.

Kamanda alirudi kutoka kwenye mdahalo akatoa amri: kadeti yule asemeshwe. "Sasa wananisemesha," Pacha akasema. "Wanapita mmojammoja. 'Habari za asubuhi, kadeti.' 'Habari za asubuhi, kadeti.' Wote kwa sauti ileile. Wakimaliza wanaendelea na safari zao."

"Basi uliomba njia? Jumatatu ulikwenda?"

"Nilikwenda. Nilifika mpaka mlangoni kwa Kamanda. Pale nje kuna benchi. Rula alikuwa amekaa."

Nikajua kabla hajasema. Nilijua, nikataka simu ikatike.

Wamemzima Rula. Aliisema desturi yao mbele ya watu wa nje, na amri ya Kamanda haikumtaja yeye, ilimtaja Pacha tu. Kamanda mwenyewe alimpita pale benchini bila kumjibu saluti. Wala Rula hakwenda pale kuomba njia. Alikwenda kuomba ahamishiwe kitanda kingine, kwa sababu aliona aibu kulala karibu na Pacha. Akiomba njia, aende wapi? Bibi aliyemlea amefariki, likizo zote anabaki palepale Kambini anapaka mawe chokaa. Hana kwingine.

"Nilikaa naye kwenye benchi," Pacha akasema. "Nikamwambia habari za asubuhi. Tukarudi pamoja. Siombi njia tena, Mkubwa. Nikiondoka, yeye anabaki na nani?"

"Alikuzima!" Nilipiga kelele mpaka watu wakachungulia madirishani. "Huyohuyo! Alikunyima hata chumvi, leo unajifunga miaka kumi kwa ajili yake?"

"Ndiye huyohuyo."

"Sasa wewe umekuwa nani, yaya wake?"

Akasema taratibu, bila ubaya wowote, "Mkubwa, wewe ndiye uliyemuuliza."

21 Aprili

Nawachukia wote. Nawachukia walioandika maneno ya lango lile, na wanaoyavaa, na Kamanda anayetembea kati yao akijifanya kiziwi. Nawachukia wangu waliorusha kofia. Kule mtu akisema kweli wanamzima, kwetu wanampigia makofi na kwenda kula, na yeye anabaki palepale alipokuwa. Nimekaa mwaka mzima nikibishana na baba ni chuo kipi bora kuliko kipi! Namchukia hata Pacha kidogo kwa kuwa mwema wakati usiofaa. Na niliapa kwa jina la mama.

24 Aprili, Alhamisi

Nimekwenda nyumbani nikamwambia baba yote. Kuomba njia, benchi, Rula, kila kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Hakupigana.

Alikuwa anakwaruza tope kwenye viatu vyake kwa kisu. "Siku ile ya wazazi nilivihesabu vile viti," akasema. "Tangu siku ile namwomba Mungu kijana arudi nyumbani."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Ulimwambia?"

"Ningemwambiaje, mwanangu? Mimi ndiye niliyempeleka."

"Baba! Alikuwa anatafuta mtu wa kumsemesha. Mtu mmoja! Nawe ulikaa mbele yake ukasifia nyama."

Hakunikemea. Zamani kwa sauti ile ningelala nje. Alisema tu, "Mpigie. Mwambie baba amesema arudi." Simu ni Jumapili, nikamkumbusha, na kiapo ni Jumamosi. Akaweka kisu chini. Akasema basi tutawahi langoni asubuhi ya kiapo, amwambie mwenyewe.

26 Aprili, Jumamosi

Tuliwahi. Mlinzi wa lango akasema hakuna kuonana na kadeti kabla ya gwaride. Baba akamweleza kwamba yeye ni sajini. Mlinzi akampigia saluti nzuri kabisa, na lango hakufungua.

Mvua ilikuwa imekatika. Tulikaa jukwaani. Walipita mbele mmojammoja, wakashika bendera, wakaapa. Kila aliyeapa kombania yake ilimwitikia kwa sauti moja, "Wetu!" Pacha alipoapa waliitikia, kwa amri, vilevile wanavyomwamkia asubuhi. Rula alipoapa hakuitikia mtu. Uwanja ulikuwa kimya mpaka nikasikia bendera inavyopiga mlingoti. Kisha sauti moja ikatoka kwenye mstari wa nyuma, "Wetu!" Naijua ile sauti tangu tumboni.

Mama alikuwa anajirekebisha kola yake mwenyewe.

Baada ya gwaride wakaruhusiwa kuja kwa familia zao kidogo. Pacha alikuja na Rula, kwa kuwa Rula hana wa kumwendea. Rula akamwamkia mama, mama akamshika mikono yote miwili hakumwachia. Mimi aliniambia, "Dada." Nikamwambia samahani. Akasema niliuliza jambo la kweli. Nilitaka anitukane.

Baba akamkumbatia Pacha. Sijawahi kumwona akimkumbatia. Alimshika hivyo kwa muda, kisha akasema sikioni mwake, ila baba hajui kunong'ona, "Ungeomba njia, mwanangu. Ningekupokea."

Pacha alijitoa mikononi mwake taratibu, akamtazama.

"Ungeniambia jana, baba," akasema.

Tarumbeta ikapigwa, wakaitwa ndani. Akaondoka na Rula, hakugeuka. Baba alibaki amesimama pale, mikono hajui aiweke wapi, na mimi sikumsemesha mpaka tukafika nyumbani.